Mhariri anataka simba

Wadau, hivi karibuni nilikuwa Kilosa kikazi, habari yenyewe ni ile ile ya wakulima na wafugaji. Wakati wa kurudi Dar hatukupita Dumila, tulipita Mikumi. Ndani ya hifadhi, basi likapunguza mwendo kwenye matuta, abiria wakasimama na simu zao: simba yuko wapi? Hakuna simba. Kulikuwa na tumbusi kama ishirini, wengine juu ya mti mkavu, wengine chini wanagombania mzoga wa nyati.

"Ndege wa mkosi hao," akasema jirani yangu, akakaa.

Huyo wa mkosi, yule wa mgongo mweupe, tangu 2015 ameorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kinachommaliza zaidi Afrika ni sumu. Simba anakula ng'ombe, mwenye ng'ombe kwa hasira anaupaka mzoga dawa ya wadudu. Simba anaweza asirudi, lakini tumbusi wanashuka kwa makumi. Na jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Piga hesabu mwenyewe.

Simtetei anayetega sumu, ila mzee mmoja mfugaji kule Kilosa aliniuliza: "Mwanangu, ng'ombe wangu akiliwa usiku, asubuhi anakuja nani kunipa pole?" Nilikosa jibu. Kanuni za kifuta jasho zipo tangu 2011, lakini waulize wafugaji hiyo pesa inafika lini, na ikifika kama inanunua hata ndama. Tunawapelekea semina za uhifadhi, wao wanataka zizi ambalo simba hapenyi.

Marekani walisubiri mpaka kondori wa California wakabaki 27, mwaka 1987. Wakawakamata wote, wakawazalisha kwenye mabanda, na 1996 wakaanza kuwaachia kwenye makorongo ya Arizona. Leo watalii wanasimama ukingoni mwa Grand Canyon na darubini kuwatazama, kila ndege na namba yake bawani. Mamilioni ya dola yametumika, na bado wanakufa kwa madini ya risasi wanayoyameza kwenye mizoga iliyoachwa na wawindaji.

Sisi tunawaona bure, dirishani mwa basi! Zizi la waya la mzee yule lingegharimu shilingi ngapi ukilinganisha na hayo?

Nilimwahidi nitaiandika gazetini. Nimeipeleka habari na picha ya tumbusi wangu ishirini. Mhariri kanijibu: picha ya simba huna?