Sharubu si undugu, jamani!

Mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele tuyaweke pembeni kidogo, wiki hii tuongee samaki. Si wa kukaanga, la hasha! Nazungumzia wale wa kwenye tangi la kioo, wanaozunguka sebuleni huku wewe umekunja nne unasikiliza muziki.

Kuna mshikaji wangu huku Lushoto, mtu wa mshahara wa kawaida tu. Alishuka Dar, akarudi na samaki watatu wadogo wa rangi ya fedha, mapezi meusi yenye ncha nyeupe, eti wanaitwa "papa". Muuzaji akamhakikishia kuwa ni wa maji baridi. Jamaa akafurahi, maana kwa maji baridi Lushoto nani atatuweza? Akawatia tangi moja na ngogo wake wawili. Hoja yake ilikuwa moja: wote wana sharubu, wote kambale, wataelewana.

Miezi michache tu, "papa" wakaanza kupauka, wakawa wanazubaa pembeni, wakafa mmoja baada ya mwingine. Jirani kasema huo ni mkono wa mtu. Sasa mshikaji anasubiri mwisho wa mwezi akanunue wengine. Kaka, funga pochi kwanza, darasa linaanza!

Huyo "papa" si papa. Ni kambale wa ukoo wa hongwe, wataalamu wanamwita Ariopsis seemanni, na kwao ni pwani ya Pasifiki huko Amerika ya Kati. Utotoni anaishi kwenye maji ya chumvi kidogo, pale mto unapokutana na bahari. Akikua anasogea kwenye chumvi kali zaidi. Ngogo yeye ni mtoto wa mito na maziwa, chumvi haijui.

Mwili wa samaki unapigana na maji saa 24. Kwenye maji yasiyo na chumvi, maji yanamwingia mwilini na anafanya kazi ya kuyatoa. Kwenye chumvi ni kinyume, maji yanamtoka. Hongwe ukimfungia kwenye maji ya bomba anavumilia, anavumilia, mwisho anachoka. Ndiyo maana hakufa siku ya kwanza, na ndiyo maana watu wanamsingizia mchawi.

Ukitaka picha kamili, angalia mito yetu. Maji yanayoporomoka pale Soni yanashuka Mombo, yanaingia mto Mkomazi, halafu mto Pangani, mpaka yanakutana na bahari kwenye mikoko ya Pangani mjini. Maji ni yale yale, lakini wakazi wa juu na wa chini ni tofauti. Mshikaji kamkalisha mtu wa Pangani mjini huku Soni, halafu anashangaa.

Sasa nani akae na nani? Hongwe anapenda wenzake, kwa hiyo weka watatu au zaidi, wa saizi moja. Yupo pia kambale wa midomo ya mito ya India na Bangladesh, Mystus gulio. Huyo wataelewana wakiwa wadogo, chumvi ikiwa kidogo, lakini urafiki una mwisho, maana hongwe akikua atataka chumvi nyingi na mdomo wake ni mpana. Chochote kinachoingia mdomoni ni chakula! Kambale wa mtoni na ngogo, hapana kabisa.

Chumvi ya jikoni haitoshi, kwa sababu ya bahari ina madini mengine mengi. Kama una ndugu Tanga, akuletee madumu ya maji safi ya bahari, mbali na mdomo wa mto. Lita moja ya bahari yenye chumvi kama gramu 35, changanya na lita mbili za bomba zilizolala wazi siku nzima. Unapata kama gramu 12 kwa lita, inawafaa vijana. Ila panda taratibu, wiki kwa wiki, usije ukaua bakteria wanaosafisha maji kwenye chujio. Vipande vya makombe vitie humo, maji ya milimani ni laini mno kwao.

Baridi ya Juni na Julai huku si ya mchezo, hivyo hita ni lazima, nyuzi 24 hadi 27. Na tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo maji yenye joto hilo yanabeba oksijeni pungufu kuliko Tanga. Pampu ya hewa isizimwe usiku.

Tahadhari: hongwe ana miiba mgongoni na ubavuni, yenye sumu inayouma kweli. Usimkamate kwa wavu, atanasa. Mchote kwa ndoo.

Akina dada mtampenda huyu: kwenye ukoo wa hongwe, baba ndiye anayebeba mayai mdomoni mpaka yaangue, na muda wote huo hali. Akina kaka, mpo?

Tatizo ni ukubwa. Anafika sentimeta 30 na zaidi. Watatu wanataka tangi la lita 400 kwenda juu, na la mshikaji ni lita 80. Ushauri wangu kwake ni mfupi: baki na ngogo wako, wapo poa, wamekuzoea. Hiyo hela ya mwisho wa mwezi nunua hita nzuri. Siku ukipata tangi kubwa, anza na maji, samaki baadaye. Kununua tena "papa" leo ni kulipia mazishi mengine matatu.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Jirani naye aache kusingizia watu!