Kocha atafutwe benchi

NJE YA MISTARI
Na Hamisi Mbwana

Zilikuwa zimebaki sekunde nane, London, Julai 20, 2024, LeBron James alipopenya hadi chini ya kikapu na kuiokoa Marekani mbele ya Sudan Kusini, 101 kwa 100. Kabla ya hapo Marekani ilikuwa imeachwa kwa hadi pointi 16 na timu ya nchi iliyopata uhuru 2011, isiyokuwa hata na ukumbi wa maana wa kuchezea mpira wa kikapu nyumbani. Mengi yalisemwa juu ya mechi ile. Lililopita bila kusemwa sana ni kwamba makocha wawili waliosimama pembeni walitoka fungu moja. Steve Kerr wa Marekani alicheza NBA misimu 15, mechi 910, na katika hizo alianza na kikosi cha kwanza mara 30 tu. Royal Ivey wa Sudan Kusini alicheza misimu 10 kwa wastani wa pointi tatu na ushei kwa mechi. Kazi yao ilikuwa kukaa, kutazama, kuitwa, kucheza dakika chache na kurudi kukaa. Nadai kwamba huko kukaa ndiko kulikowatengeneza kuwa makocha, na kwamba mashirikisho ya Afrika Mashariki, yanapotafuta kocha miongoni mwa wachezaji waliostaafu, yangeanza na majina ambayo mashabiki wameshayasahau.

Tumwanze Kerr. Phoenix Suns walimchukua 1988 akiwa wa 50 katika uteuzi wa mwaka huo. Hakuwa na mbio wala hakujaliwa kuruka. Alijaliwa shabaha: asilimia 45.4 ya mitupo yake ya pointi tatu iliingia, kiwango cha juu kabisa katika historia ya ligi ile. Lakini shabaha peke yake haimfai mtu anayeitwa uwanjani mwili ukiwa baridi, kama hajui mpira utamkuta wapi. Katika mechi ya sita ya fainali za 1997, Chicago Bulls na Utah Jazz wakiwa sare 86 kwa 86, Michael Jordan alimwambia Kerr wakati wa mapumziko mafupi ajiweke tayari, maana John Stockton angemwacha ili aje kumbana Jordan. Ikawa vilevile: Stockton akaja, Jordan akatoa pasi, Kerr akatupa, na ubingwa ukabaki Chicago. Jordan angeweza kuishi bila kusoma mambo kama hayo, kwa kuwa mwili wake ulimtosha. Kerr asingedumu hata misimu mitatu. Na muda wote huo alikuwa shuleni kwa Lenny Wilkens pale Cleveland, kwa Phil Jackson pale Chicago, kwa Gregg Popovich pale San Antonio. Nyota huwasikia makocha wa namna hiyo wanapomsemesha yeye. Mchezaji wa akiba huwasikia wanaponong'ona na wasaidizi wao, huona nani anatolewa na kwa nini, usiku baada ya usiku.

Alipokabidhiwa Golden State Warriors mwaka 2014, moja ya hatua zake za kwanza ilikuwa kumkalisha benchi Andre Iguodala, mtu ambaye tangu aingie NBA 2004 alikuwa hajawahi kuanza mechi akiwa amekaa. Kumwambia hivyo mchezaji wa hadhi ile bila kuivunja timu si jambo dogo, na ni rahisi zaidi kulisikia kutoka kwa mtu aliyekaa hapohapo mechi 880. Juni 2015, wakiwa nyuma 2 kwa 1 katika fainali dhidi ya Cleveland, msaidizi kijana wa Kerr, Nick U'Ren, aliyekuwa akishughulika na video, alipendekeza Andrew Bogut, mrefu wao, atolewe kikosi cha kwanza na Iguodala aanze. Kerr akakubali. Waandishi wakadanganywa kuhusu kikosi, na baadaye akakiri bila haya. Warriors walishinda mechi tatu mfululizo, na Iguodala akatajwa mchezaji bora wa fainali. Sisemi kwamba kocha aliyewahi kuwa nyota hawezi kumsikiliza kijana wa video. Nasema aliyekaa mwisho wa benchi anajua kwamba hata huko watu wana macho.

Wapinzani wa hoja hii hawakosi silaha. Watanitajia Bill Russell, aliyetwaa ubingwa 1968 na 1969 akiifundisha Boston Celtics huku akiichezea. Watanitajia Larry Bird, kocha bora wa mwaka 1998, aliyeifikisha Indiana fainali 2000. Na huyohuyo Wilkens, mwalimu wa Kerr, aliyekuwa nyota kabla hajawa kocha. Nami ningejibu kwa Magic Johnson, aliyeiongoza Lakers mechi 16 mwaka 1994, akashinda tano na kuondoka. Mashindano ya majina hayana mwisho. Pingamizi linaloniuma zaidi ni la hesabu: wachezaji wa akiba ni wengi kuliko nyota, na nyota aliyestaafu na mamilioni hana haja ya kulala hotelini siku mia kwa mwaka akichambua kanda, kwa hiyo ni lazima makocha wengi watoke benchi hata kama benchi halifundishi kitu. Hilo nalikubali. Wingi wao hauthibitishi chochote. Ndiyo maana sihesabu vichwa, natazama kazi yenyewe: nyota ambaye vitu vilimjia vyenyewe hupata taabu kuvieleza, na aliyelazimika kujieleza kila kitu ili asifukuzwe anayo maelezo tayari.

Wengine watasema Kerr alibebwa na Stephen Curry. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mark Jackson alikuwa na Curry, Klay Thompson na Draymond Green, akashinda mechi 51 na kutolewa raundi ya kwanza. Msimu uliofuata Kerr alishinda 67 na ubingwa. Lakini msimu wa 2019-20, Kevin Durant akiwa ameondoka, Thompson majeruhi na Curry akikosa karibu msimu wote, Kerr huyohuyo alishinda 15 na kupoteza 50. Ukocha si uganga.

Kwa sababu hiyo Ivey ni ushahidi bora zaidi. Mtoto huyu wa New York alifika nusu fainali ya vyuo vikuu 2003 na Texas, akachukuliwa wa 37 mwaka uliofuata, na alipoacha kucheza 2014 alianzia chini, kwenye timu ya ligi ya maendeleo ya Oklahoma City. Kisha akawa msaidizi Thunder, Knicks, Nets na Rockets. Aliyempa timu ya Sudan Kusini mwaka 2021 ni Luol Deng, rais wa shirikisho, nyota halisi wa NBA ambaye aliwahi kuinoa timu hiyo mwenyewe na angeweza kung'ang'ania kiti. Mwaka huohuo, Kigali, walifika robo fainali ya AfroBasket. Wakashinda mechi 11 kati ya 12 za kufuzu Kombe la Dunia. Manila 2023 wakazifunga China, Ufilipino na Angola, wakapata tiketi ya Olimpiki ya Paris, na kwenye michezo hiyo wakaipiga Puerto Rico 90 kwa 79. Ni kweli Deng ndiye aliyekusanya vipaji, na Carlik Jones, aliyefikisha tarakimu mbili kwa pointi, ribaundi na pasi za kufungia kule London, ni mzaliwa wa Marekani. Lakini kuna Nuni Omot, aliyezaliwa Kenya mama yake akiwa mkimbizi, na Khaman Maluach, aliyekulia Kampala. Watu hawa hukutana wiki chache kwa mwaka, kila mmoja akiwa na mazoea ya klabu yake. Kumshawishi mfungaji mkuu wa klabu acheze dakika 10 za kukaba tu ni somo ambalo Ivey alilisomea miaka 10.

Ila benchi pekee halitoshi: kati ya kustaafu kwa Ivey na kupewa timu ya Sudan Kusini kuna miaka saba ya usaidizi wa kulipwa. Hapo ndipo sisi tunapokwama. Nitaambiwa hatuna fedha za kuajiri watu wa NBA, na hakuna aliyeziomba. Mlinzi wa akiba wa klabu ya Dar es Salaam au Nairobi anayestaafu akiwa na miaka 32 anahitaji posho ya mwezi, kompyuta ya kukatia video, nauli ya safari za timu na mkataba wa misimu minne chini ya kocha mzoefu. Klabu zinazompa mchezaji wa kigeni nyumba na usafiri zinaweza kuubeba mzigo huo, na shirikisho linaweza kuuweka kuwa sharti la kusajili timu ligi kuu.