Uza Manjano kama Kiungo, Siyo kama Dawa ya Kansa

Vijana wenzangu wakulima, leo tuongee ukweli hata kama utauma kidogo.

Siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp naona wauzaji wa manjano wanapandisha bei kwa maneno mawili tu: "inatibu kansa." Wengine wanataja kabisa kansa ya tumbo. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Habari yenyewe haikutoka hewani. Rangi ya manjano inatokana na kurkumini. Maabara zimeonyesha kwamba seli za kansa ya tumbo zikiwekwa kwenye kisahani pamoja na kurkumini, zinapunguza kuongezeka na nyingine zinakufa. Allisini ya kitunguu saumu nayo imeonyesha hivyo. Sawa.

Lakini kisahani siyo mtu. Hata chumvi ikizidi inaua seli kwenye kisahani. Katika gramu 100 za unga wa manjano, kurkumini ni kama gramu 2 hadi 5 tu, na hiyo hiyo mwili unafyonza kidogo sana. Wewe mkulima unalijua hili: kiuatilifu kinaua mdudu ndani ya chupa, shambani kipimo kikiwa kidogo mdudu anaendelea kula.

Sisemi mimea haitoi dawa. Paklitakseli, inayotumika hospitalini hata kwa kansa ya tumbo, ilitoka kwenye magome ya mti wa Marekani uitwao Taxus brevifolia. Magome yalikusanywa 1962, kibali cha kwanza cha kutibu watu kikatoka 1992. Miaka 30 ya kupima, ndugu zangu! Siyo kijiko kwenye uji.

Sasa fikiria mteja wako anaumwa tumbo. Anakuamini, anakunywa manjano miezi mitatu badala ya kwenda kupimwa. Chanzo kikubwa cha kansa hii ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye hospitali wanampima na kumtibu kwa antibayotiki. Na kama kansa imeshaanza, kuiwahi ndiyo nafasi yake. Hiyo miezi mitatu utamrudishiaje?

Hata kibiashara haikulipi. Ukiandika "inatibu", umetoka kwenye chakula kinachosimamiwa na TBS, umeingia kwenye dawa, na huko TMDA watakuuliza ushahidi.

Fanya hivi. Chemsha, kausha kwenye kichanja au turubai safi, unyevu usizidi asilimia 10, usichanganye na rangi wala unga mwingine. Peleka sampuli maabara wapime kurkumini, maana wapo wanunuzi wakubwa wanaopanga bei kwa namba hiyo. Kwenye lebo weka jina la zao, mahali lilikolimwa na tarehe ya kufungasha.

Mteja akikuuliza kuhusu kansa, mwambie: "Hii ni kiungo kizuri. Kwa tumbo lako, nenda hospitali." Huyo atarudi kununua tena, tena akiwa mzima.