Kabla ya vigae kwenye ukingo wa dirisha

Nyumba nyingi za mawe jijini Nairobi zina kuta nene, na chini ya dirisha, upande wa ndani, hubaki ukingo mpana. Hapo ndipo huwekwa maua, redio na vitabu vya watoto. Wengi hutaka kuuvika vigae, kwani rangi hubambuka upesi ilhali kigae hupanguswa tu. Wazo ni zuri. Lakini kigae hushika kile kilicho chini yake, na chini yake kukiwa kubovu, pesa zako zimepotea.

Anza na maji. Ukiona rangi imevimba, au unga mweupe kama chumvi, ujue ukingo unanyonya unyevu. Madirisha yetu mengi ni ya chuma, na aghalabu kasoro huwa ni puti iliyokauka ikapasuka, au ufa pale fremu inapokutana na ukuta wa nje. Chukua kipande cha nailoni, ukibandike juu ya ukingo kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini ya nailoni, unyevu unatoka ukutani, nawe zibe kule nje kwanza. Yakiwa juu yake, ni mvuke wa chumbani tu, na dawa yake ni kufungua dirisha. Usikubali fundi akwambie, "Itashika tu." Maji yaliyofunikwa kwa vigae huteremka ndani ya plasta, na baadaye ukungu huzuka chini ya dirisha, pengine karibu na kitanda cha mtoto mwenye pumu.

Sasa iondoe rangi. Rangi ya mafuta haishikani na simiti, na hapa tusikizane vizuri: rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto wadogo, hasa wale wanaotambaa na kulamba vidole. Basi usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, uikwangue, mabaki uyakunje katika gazeti na kuyatupa. Toa mapazia. Watoto na mama mja mzito washinde kwa jirani siku hiyo, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe.

Ukingo ukiwa wazi, ugonge kwa kipini cha bisibisi kutoka mwisho hadi mwisho. Panapolia kama mtungi mtupu, plasta imeachana na jiwe. Iondoe yote kwa patasi. Palipo pazima papige vijitundu ili gundi ipate pa kukamata. Fremu yenye kutu isugue kwa brashi ya waya na kuipaka rangi ya kuzuia kutu, maana baadaye hutaifikia tena.

Mashimo yajaze kwa kipimo kimoja cha simiti na vinne vya mchanga, baada ya kuyalowesha. Plasta mpya imwagilie maji siku chache za mwanzo, kisha iache ikauke majuma matatu hivi. (Fundi anayelipwa kwa siku hatafurahi, lakini nyumba ni yako.) Pima maji ionyeshe ukingo umelala sawa kushoto hadi kulia, ila kutoka kwenye fremu uinamie chumbani milimita 2 au 3, maji yasituame kwenye chuma.

Halafu vipange vigae vikavu, bila gundi. Kizima kikae upande wa chumbani panapoonekana, kilichokatwa kijifiche kwenye fremu. Kumbuka kigae na gundi yake huongeza kimo cha kama milimita 12. Fungua dirisha, ulifunge: je, ule mkono wa chuma wenye vitundu unapita? Ukigusa kigae, rudi kwenye patasi uishushe plasta sasa, au utafute vigae vyembamba zaidi.