Tiketi Peke Yake Haimfikishi Mtu

Sisi tunaokata tiketi za ndege Kariakoo tukishapokea nauli, tunamwacha mteja na Mungu wake. Halifai hilo. Anayelipwa kumsafirisha mtu ana wajibu wa kumfundisha maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa uwanjani anakokwenda.

Si mengi. Aliyeishia darasa la saba anayashika kwa mchana mmoja, maana hahitaji sarufi wala matamshi. Atambue tu sura ya neno akiliona ukutani. "Departures" ni upande wa wanaoondoka. "Check-in" ndipo begi linapopimwa na msafiri kupewa pasi ya kupandia ndege. "Gate" ni mlango wa ndege yake, na namba ya mlango huo huweza kubadilishwa yeye akiwa ameshakaa.

Dar es Salaam ukikwama unauliza kwa Kiswahili, unajibiwa. Kazi iko njiani, pa kubadilishia ndege. Uwanja wa Dubai, kwa mfano, hautangazi kila ndege kwenye vipaza sauti. Abiria anatakiwa asome skrini. Mama wa Mbagala anayemfuata mwanawe London anaweza kukaa pale na mkoba wake akisubiri kuitwa, na asiitwe. Na mara tu anaposhuka hapo, "Transfers", yaani upande wa wanaobadilisha ndege, huwa neno la thamani kuliko yote. Asipolijua, atawafuata wanaokwenda "Baggage Claim", yaani kuchukua mabegi, ajikute kwenye foleni ya uhamiaji ya nchi asiyo na viza yake, huku ndege ya pili ikikaribia kufunga mlango. Na "Final Call", yaani mwito wa mwisho, ikiwaka, chai iachwe mezani.

Ninaowahofia zaidi ni mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani Muscat na Riyadh. Wengi hawajawahi kupanda ndege. Nimemsikia wakala akiwaambia, "Mfuateni aliye mbele yenu," akawapa bahasha za karatasi zao na kuondoka. Aliye mbele naye ni mgeni! Binti asiyeweza kusoma kibao atamfuata yeyote atakayejitolea kumwongoza, na wapo wanaojitolea kwa nia mbaya.

Ofisini kwangu, anayesafiri mara ya kwanza hukaa na msaidizi wangu, wakapitia maneno hayo kwenye karatasi mpaka ayatambue bila kusaidiwa. Mawakala wa ajira za nje wasiachiwe hiari. Serikali iliweke jambo hili kwenye masharti ya leseni zao: binti aoneshe kwanza kwamba anavisoma vibao, ndipo tiketi yake ikatwe.