Ukishapiga makofi, akivunjika mguu nani analipa?

Umewaona. Jioni hotelini, Bamburi ama Diani, jamaa sita wanapandana mabegani mpaka wanakuwa mnara, fimbo ya limbo inawaka moto, wageni simu juu. Unasema "hawa jamaa ni noma," unarudi kwa soda yako.

Nyuma ya pazia mambo ni mengine. Sarakasi zetu za Pwani hazina hema wala simba. Ni kikundi cha mtaa, mara nyingi ndugu na mabinamu, kaka mkubwa ndiye kocha na ndiye anayepigia hoteli simu. Mazoezi ni ufuoni maji yakitoka, manake mchanga ndio godoro la bure. Wa Likoni akipata shoo upande wa Kisauni, pete, kamba na fimbo zote zinavuka naye feri. Pesa ikiingia inakatwa nauli na mafuta ya moto kwanza, inayobaki ndiyo wanagawana.

Na wageni wakipotea? Mei 2014 Uingereza ilionya raia wake kuhusu Mombasa, watalii wakarudishwa kwao kwa ndege. 2020 ikaja korona. Mtu anayelipwa kwa shoo hana hata karatasi ya kudai.

Kuumia ndio balaa zaidi. Tuna sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya 2007, lakini inamlinda mwajiriwa. Ukihesabiwa kama mtu wa kujitegemea aliyekuja saa moja akaenda zake, goti ni lako, bili ni yako.

Utaniambia, mbona Ramadhani Brothers wa Tanzania walishinda America's Got Talent: Fantasy League 2024? Kweli, na tuliwashangilia. Lakini huwezi kuambia mtaa mzima usubiri Marekani. Kazi ya hapa nayo iheshimiwe kama kazi.

Kwa hivyo, makundi: jisajilini, mwende hotelini na makubaliano ya maandishi, hata ukurasa mmoja, useme nani analipa hospitali. Hoteli: huyo ndiye anayewashikia wageni mpaka usiku, mkatieni bima. Na wewe msomaji, ukiwaita kwa harusi ya dadako, usianze na "nifanyieni ya kirafiki." Kabla ya kuuliza bei, uliza mmoja wao akianguka itakuwaje. Halafu lipa bei yenye jibu ndani yake.