Saa Yatiwa Pingu

Tarehe 14 Septemba, 2015, mjini Irving, Texas, Marekani, kijana Mwislamu wa miaka 14 mwenye asili ya Sudan alipeleka shuleni saa ya umeme aliyoiunganisha mwenyewe, walimu wake waione. Ilipolia darasani akaitiwa polisi, akatiwa pingu, akasimamishwa masomo siku 3.

Twauliza: kama ni bomu, mbona wanafunzi hawakutolewa madarasani? Kama ni bomu la bandia, alimtisha nani, naye alisema ni saa? Hata polisi hawakumshtaki. Sisi twaona kilichoogopwa si saa; ni jina na rangi.

Ndugu, mwalimu asiyekijua kitu na aulize kwanza. Taifa lifungalo mikono ya vijana wake, kesho litaundiwa vitu na nani?